Namna ya Kuandika Wasifu wa Baba na Babu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Siku ya Msiba hadi Mwaka wa Kwanza

Mzee akifariki, katika familia nyingi kazi ya kuandika wasifu wake hupewa mtoto mmoja "anayejua kuandika". Anapewa usiku wa kuamkia mazishi, simu zinaita, wageni wanaingia, na yeye mwenyewe hajalala vizuri tangu msiba utokee. Anachoandika kinafanana na cha kila msiba: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akaoa, akaugua, akafariki, na alikuwa mtu wa watu. Nimesikia wasifu wa namna hiyo ukisomwa juu ya wazee niliowafahamu vizuri, na uchungu wangu uliongezeka, maana aliyesomwa pale angeweza kuwa mzee yeyote.

Baba aliyejitoa kwa wanawe na babu aliyelea wajukuu anajulikana kwa mambo aliyoyafanya kila siku bila kuombwa. Hayo ndiyo ya kuyatafuta, na wanaoyajua wako pale pale msibani, wamekaa mikekani. Wakishatawanyika, kuwapata ni kazi ya miezi. Kwa hiyo anzeni mapema, hata kama mtamaliza baada ya mwaka.

Hatua ya kwanza: gawaneni kazi

Msimwachie mtu mmoja. Wekeni wanne.

Wa kwanza ni mkusanyaji. Afadhali awe mjukuu wa sekondari au chuo, mwenye simu yenye chaji na daftari. Wazee humwambia mjukuu mambo ambayo hawatamwambia mtoto wa marehemu, kwa sababu mjukuu ni mtani wa babu yake na hakuna haya kati yao. Wa pili ni mwandishi. Wa tatu ni mhakiki, na hapa sina shaka kabisa: mchagueni shangazi, yaani dada wa marehemu, kama yu hai. Anajua nani alizaliwa kabla ya nani, nani alifia utotoni, ndoa ipi ilikuwa ya kwanza. Kama hayupo, mdogo wa marehemu anafaa. Wa nne ni msomaji, ambaye si lazima awe mwandishi. Mtoto wa mwisho aliyekuwa akimwogesha mzee wakati wa ugonjwa anaweza kuandika vizuri kuliko wote lakini asiweze kusoma mistari miwili bila kulia. Mpeni mkwe au mpwa mwenye sauti.

Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, na hakuna kawaida ya kusoma wasifu makaburini. Msiulazimishe. Siku hizo za mwanzo iwe ni kukusanya tu, maandishi yangoje hitma au mkusanyiko mwingine wa ukoo. Familia zisizofanya arobaini kwa msimamo wao wa dini zinaweza kuchagua siku yoyote wanapokutana, hata jioni ya Idi mosi.

Hatua ya pili: fungueni sanduku

Karibu kila mzee ana mahali anapoweka karatasi zake: sanduku la bati, brifkesi chini ya kitanda, bahasha ya kaki juu ya kabati. Mwombeni ruhusa mama au bibi kwanza, na mfungue mkiwa wawili, maana humo humo kuna hati za shamba na kadi za benki, na hamtaki baadaye iulizwe nani alichukua nini. Pigeni picha kila karatasi, kisha irudi ilipokuwa. Kitu kisitoke chumbani.

Tafuteni cheti cha ubatizo au hati ya ndoa, barua ya ajira, leseni ya udereva, kitambulisho, kadi ya mfuko wa akiba wa wafanyakazi, kadi ya chama. Kadi ya TANU au ya ASP ni ya kabla ya 5 Februari 1977, siku vyama hivyo viwili vilipoungana kuwa CCM, kwa hiyo peke yake inasaidia kujua mzee alikuwa wapi wakati huo na alijulikana kwa jina gani.

Usipite haraka kwenye stakabadhi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Tabora, na kwenye bahasha yake tulikuta stakabadhi za ada zimefungwa kwa mpira. Baadhi zilikuwa na majina ya watoto ambao hawakuwa wa nyumba yetu. Mama alipoulizwa akasema, "Huyo ni mtoto wa fundi mwenzake aliyefariki. Baba yenu alisema msiambiwe, msije mkamsimanga." Hakuna cheo chochote cha reli ambacho kingemweleza baba kuliko karatasi zile, na wasifu wake ulijengwa juu ya karatasi hizo.

Jambo la majina lifanyeni kwa uangalifu. Mzee mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo kwenye cheti cha kanisa, jina la babu yake kwenye kitambulisho, na jina la utani ambalo mtaa mzima unamjua nalo. Kwenye kichwa cha wasifu tumieni majina yale yale yatakayoandikwa kwenye kibali cha mazishi na cheti cha kifo, kwa herufi zile zile. Benki na mahakama zitadai cheti hicho, na mkanganyiko wa herufi moja huwasumbua wajane kwa muda mrefu. Jina la utani liwekeni ndani ya maelezo, pamoja na kisa chake.

Hatua ya tatu: mwaka wa kuzaliwa

Wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukikuta kwenye kitambulisho imeandikwa 1 Januari, mara nyingi hiyo ni tarehe ya karani: mzee alitaja mwaka, karani akajaza siku na mwezi. Kama alibatizwa akiwa mtoto, kitabu cha ubatizo cha parokia au usharika ndicho shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu kiliandikwa wakati ule ule. Kinatunzwa kanisani hata kama cheti cha nyumbani kimeliwa na mchwa, kwa hiyo nendeni mkaulize.

Kama hakuna kitabu, tumieni matukio. Swali la "alizaliwa lini?" halisaidii. Ulizeni, "Vita vya Hitler vinaisha, alikuwa ameshaanza kuchunga?" au "Siku ya Uhuru alikuwa shule, au ameshaoa?" Majibu yapangeni dhidi ya miaka inayojulikana: Vita Vikuu vya Pili, 1939 hadi 1945; mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza 1947; hali ya hatari Kenya, kuanzia Oktoba 1952; mvua kubwa na mafuriko ya mwishoni mwa 1961; Uhuru wa Tanganyika, 9 Disemba 1961; Uhuru wa Kenya, 12 Disemba 1963; Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964; Azimio la Arusha, 5 Februari 1967; kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970; kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, 1977; Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Tahadhari moja: usihesabu kwamba mtoto wa darasa la kwanza wa miaka ya 1940 alikuwa na umri wa miaka saba. Wengi walianza shule wakiwa wakubwa zaidi, baada ya kuchunga ng'ombe au mbuzi wa nyumbani.

Kwa jamii zenye rika, kama Wakikuyu, Wameru na Wakalenjin, jina la rika la tohara linapunguza kubahatisha, maana wazee wanajua rika hilo lilitahiriwa lini. Pwani na visiwani, bibi anaweza kusema mzee alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Huo ni mwezi wa kalenda ya Kiislamu, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kawaida, kwa hiyo mwezi huo huzunguka misimu yote. Uliza pia kama ilikuwa kaskazi au kusi, na kama mavuno yalikuwa yameanza.

Mkishafika karibu, andikeni ukweli: "alizaliwa kati ya 1937 na 1939". Inapendeza kuliko tarehe ya uongo, na wazee waliopo hawataguna.

Hatua ya nne: nani wa kuulizwa, na aulizwe nini

Hapa ndipo penye mali yote.

Anza na daftari la rambirambi. Kila msiba unalo: anakaa mtu mezani, anaandika jina, kiasi, pengine na namba ya simu. Watu huliona kama la hesabu tu, lakini ni orodha ya kila aliyeguswa na mzee kiasi cha kuja. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa. Mkisoma majina mtakuta wengine hamuwajui kabisa. Hao ndio wa kuwapigia wiki ijayo na kuwauliza, "Mzee ulimjua vipi?" Mfanyakazi mwenzake, mwanafunzi wake, dereva ambaye mzee alimfundisha kazi, mama ntilie ambaye mzee alikuwa akila kwake kila siku na akamkopesha mtaji.

Wekeni na daftari la pili, jipya, pembeni ya lile la kwanza. Juu ya ukurasa andikeni swali moja tu: "Jambo moja alilokufanyia mzee." Mjukuu akae nalo, na kwa asiyejua kusoma, aandike yeye. Ukimwomba mtu aeleze maisha yote ya marehemu atakwambia alikuwa mtu mwema. Ukimwomba jambo moja, atakupa usiku mmoja wa mvua, baiskeli na mtoto mgonjwa.

Kisha waangalieni watani. Katika makabila mengi ya Tanzania watani wa marehemu hufika msibani, na miongoni mwao wapo wanaovaa koti lake na kofia yake, wakaiga alivyotembea, alivyokohoa akiingia nyumbani, alivyogombeza watoto kuhusu mlango. Waombolezaji wanacheka na kulia pamoja. Rekodini. Mtani mzuri ameshika mambo ya marehemu ambayo familia imeyazoea mpaka haiyaoni tena, na tena anayasema bila kuficha. Ombeni ruhusa kwanza kwa mwenye msiba, na video isirushwe mitandaoni, kwa kuwa nje ya msiba utani ule unaonekana dhihaka.

Kwa mjane, subirini. Bibi asihojiwe siku za mwanzo. Baada ya wiki kadhaa nendeni watu wawili, si kundi, mkae naye anakopenda kukaa, simu iwekwe mezani ikirekodi na yeye akijua. Albamu ya picha husaidia kuliko maswali. Maswali yenyewe yawe ya vitendo:

Alikuwa akiamka saa ngapi, na kitu cha kwanza alifanya nini?
Alikuwa akikuita nani mkiwa wawili, na mbele ya wageni alikuita nani?
Mtoto wa kwanza alipozaliwa, alikuwa wapi? Alipopata habari alifanya nini?
Alikuwa akikaa wapi kusubiri mtoto aliyechelewa?
Kitu gani kilimkasirisha upesi? Kilichomtoa hasira?
Mwaka gani ulikuwa mgumu kuliko yote, na alipitaje?
Kitu gani alitaka na hakukipata?

Swali la mwisho liulizwe taratibu, na kama bibi atanyamaza, msijaze ukimya huo kwa swali lingine. Mngojeni.

Wajukuu nao waulizwe, hata wadogo. Mtoto wa miaka sita atasema babu alikuwa anampa mkia wa samaki kila mara. Andikeni hivyo hivyo. Mjukuu wa kike ambaye babu alimwita "mchumba" tangu akiwa mchanga, na ambaye kwenye harusi yake babu alikataa kutoa ruhusa mpaka alipewa kanga na soda, ana kisa chenye kuonyesha babu alivyokuwa akiwapenda kuliko aya nzima ya sifa.

Hatua ya tano: kuandika

Mpangilio wa kawaida ubaki. Wapo wanaoshauri kuanza na kisa cha kusisimua, lakini mimi sikubaliani nao. Waombolezaji wamezoea kusikia kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa, kifo na shukrani, na mpangilio huo unawatuliza. Kinachotakiwa kubadilika ni vipimo. Katika wasifu mwingi elimu na vyeo huchukua nusu na ugonjwa robo, na mtu mwenyewe anabaki na sentensi moja. Geuzeni. Kuzaliwa na elimu, aya moja. Kazi, aya moja au mbili. Ugonjwa, sentensi mbili zinatosha, bila kutaja vipimo, dawa wala mambo ya siri ya mwili wake. Nusu nzima ya katikati iwe maisha yake nyumbani kama mume, baba na babu.

Chukua sentensi hii, iliyo kwenye wasifu karibu wote: "Marehemu atakumbukwa kwa upendo wake kwa familia, uchapakazi na msimamo thabiti." Msikilizaji haoni kitu. Sasa soma hii:

"Kila Jumapili jioni mzee alikusanya viatu vya shule vya wajukuu wote, akavipanga barazani kuanzia kikubwa hadi kidogo, akavipiga kiwi kimoja kimoja huku anasikiliza taarifa ya habari. Kilichotoboka alikiweka pembeni, na asubuhi mwenye kiatu alikikuta kimeshonwa. Mkono wake wa kulia ulipopooza aliendelea kuagiza aletewe viatu avikague."

Upendo, uchapakazi na msimamo vyote vimo, na hakuna hata kimoja kilichotajwa kwa jina. Fanyeni hivyo kwa kila neno la sifa mtakaloandika: mbele yake ulizeni, "lini?" Kama hakuna tukio la kujibu, lifuteni neno. "Mtu wa watu" liondoke, aingie jirani ambaye mzee alimfungulia geti alfajiri apite na mgonjwa. "Mpenda maendeleo" liondoke, liingie bomba la maji alilohangaikia kijijini. "Ameacha pengo lisilozibika" nalo, kama hamuwezi kusema ni pengo gani, msiliweke.

Ukali wake uandikwe pia, kwa heshima. Baba zetu wengi walikuwa wakali, na watoto waliochapwa kwa kurudi baada ya magharibi wamekaa pale wanasikiliza. Ukisema hakuwahi kupaza sauti, hawataamini na mengine yote. Semeni alikuwa mkali wa saa, mkali wa daftari chafu, na semeni pia, kama ni kweli, jinsi uzee ulivyomlainisha, wajukuu wakamwachia matope kitandani na yeye akacheka. Hapo wanawe wakubwa watatazamana. Mambo ya aibu ya kweli, yaliyoumiza watu, hayana nafasi mbele ya jeneza. Yanyamazieni, lakini msiyageuze kuwa sifa.

Urefu: maneno 500 hadi 600. Kwa kusoma taratibu ni dakika tano au sita. Mambo mengine mazuri mliyokusanya hayapotei, yanasubiri kitabu cha familia.

Hatua ya sita: majina yanayoleta ugomvi

Wasifu ndiyo mara ya kwanza ukoo mzima unasikia hadharani orodha ya wake na watoto wa marehemu. Nimeona misiba ikigawanyika pale pale kwa jina moja lililoachwa. Kikao kifanyike kabla ya kuchapa, hata cha nusu saa, na orodha isomwe kwa sauti mbele ya shangazi au mhakiki wenu.

Wake watajwe wote kwa mpangilio wa ndoa, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Watoto watajwe kwa kuzaliwa, bila kutenganisha "wa ndani" na "wa nje". Kama mzee alimtambua mtoto wakati wa uhai wake, kumwacha ni kumdhulumu siku ambayo hawezi kujitetea. Kama kuna mtu amejitokeza msibani na dai ambalo familia hailijui, wasifu si mahali pa kuliamulia, na mwandishi asikubali kushinikizwa na upande wowote. Lipelekwe kwenye kikao cha ukoo baada ya mazishi. Msisahau aliowalea: mtoto wa dada aliyekulia pale, yatima wa jirani. Watajwe kwa majina, kwa maneno "aliwalea pia".

Msitaje mali. Shamba la mzee, nyumba ya mjini, nani aliachiwa nini: hayo ni ya mirathi, yanataka msimamizi aliyethibitishwa na mahakama, na sentensi moja ya wasifu inaweza kuja kutumiwa kama hoja kwenye shauri.

Wajukuu na vitukuu wakiwa wengi, idadi inatosha kwenye kusomwa, lakini kwenye karatasi ya kuchapwa wawekeni wote kwa majina. Mtoto atakuja kulitafuta lake.

Hatua ya saba: kuchapa na kusoma

Kitabu cha ratiba ya mazishi kwa kawaida ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo kurasa zake huenda kwa nne: 4, 8, 12, 16. Pangeni maandishi na picha kwa hesabu hiyo kabla ya kwenda stesheneri, vinginevyo fundi atabana herufi au kujaza maua. Picha ya jalada isiwe ile ya hospitali. Chagueni aliyokuwa anaipenda yeye.

Msomaji apewe nakala yenye herufi kubwa, asome mara mbili kwa sauti chumbani, na majina ya vijiji na ukoo afundishwe matamshi. Ajue atapumua wapi. Kama sauti itakatika, asimame kimya, anywe maji, aendelee. Hakuna atakayemlaumu. Mtu wa pili asimame karibu akiwa na nakala.

Hatua ya nane: simu, sauti na picha zake

Baada ya mazishi kuna jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka limeshachelewa: simu ya mzee. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 hufutwa. Msiiuze simu, msimpe mtoto achezee, msifute chochote. Kila mjukuu aliyetumiwa ujumbe wa sauti na babu auhifadhi nje ya WhatsApp, kwenye faili lenye tarehe na jina la aliyetumiwa. Sauti ya mzee akisema tu "umefika salama? nipigie" siku moja itakuwa na thamani kuliko picha zote. Angalieni pia kanda za kaseti za zamani. Zamani watu walitumiana kanda kama barua, hasa waliokuwa na ndugu Arabuni au masomoni ng'ambo. Kaseti iliyokaa miaka mingi isichezwe kwenye redio chakavu inayotafuna kanda. Ipelekwe kwa fundi anayehamishia kwenye kompyuta.

Picha za karatasi: kama kuna skana, picha ndogo za pasipoti ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, kubwa kwa 300. Kama ni simu tu, futa lenzi, weka picha karibu na dirisha mchana, zima mwanga wa simu, na uishike simu ilingane na picha bila kuinama. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi isibanduliwe kwa nguvu. Ipigwe hapo hapo ilipo.

Kisha kaeni na wazee mtambue walio pichani. Andikeni nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino huvuja na kutokeza upande wa pili. Kazi hii msiiahirishe. Picha ya vijana watano waliosimama mbele ya kota za reli wakiwa na suruali pana ni ya thamani leo kwa kuwa yupo mtu mmoja anayeweza kusema yule wa kushoto ni nani.

Hatua ya tisa: kitabu cha familia na kaburi

Ndani ya mwaka wa kwanza, kusanyeni vyote kwenye kitabu kimoja. Kisiwe cha kifahari. Kurasa 40 zilizochapwa na kufungwa kwa springi zinatosha: wasifu kamili, visa kutoka kwenye daftari la pili kwa maneno ya wasemaji wenyewe, picha zenye majina, mti wa ukoo kuanzia babu yake mzee hadi kitukuu wa mwisho, na nakala za karatasi zake mbili tatu. Mahojiano ya bibi yaandikwe alivyosema. Kama alichanganya Kiswahili na Kisukuma au Kipare, yabaki hivyo, na tafsiri iwe chini kwa wajukuu waliozaliwa mjini.

Kama wasemaji wawili wanapingana, mmoja akisema mzee aliacha kazi kwa hiari na mwingine akisema alipunguzwa, wekeni maelezo yote mawili na majina ya waliosema. Mwandishi asiamue.

Kaburi likijengwa, subirini udongo ushuke, angalau upite msimu mmoja wa mvua, ndipo saruji isipasuke. Maandishi ya jiwe yaandikwe kwenye karatasi, yahakikiwe na watu wawili, ndipo fundi apewe, na siku ya kuchonga mtu wa familia awepo. Kwa Waislamu wanaoweka alama tu, taarifa za mahali lilipo kaburi, safu na jirani zake, ziingizwe kwenye kitabu, maana baada ya miaka kumi vijana hawatalijua.

Wachapisheni nakala za kutosha: moja ibaki nyumbani kwa bibi, moja kwa mhakiki, moja kwa kila mtoto wa marehemu, na moja kwa kila mjukuu anayebeba jina lake. Mwishoni mwa kila nakala acheni kurasa tupu za kuongeza vitukuu. Faili lenyewe, pamoja na sauti na picha, liwekwe kwa watu wasiopungua watatu wanaoishi miji tofauti, si kwenye simu peke yake, na kila mmoja alifungue mara moja kwa mwaka kuhakikisha bado linasomeka.